Masizi na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amefika, begi kubwa na mito yake mwenyewe. Amekuja kunisaidia mpaka nijifungue. Hata maji hajanywa — kamwona paka wangu Masizi kajilaza kwenye kochi. Paka mweusi na mimba, nyumba moja? Ati atamnyonya mtoto pumzi! Ijumaa hicho kipaka kiondoke. Mume wangu kajifanya anatafuta chaja.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Nimekwenda na mama mkwe makusudi, asikie kwa masikio yake. Mkunga kasema paka hanyonyi pumzi ya mtu. Anapenda joto tu, basi asilale na mtoto mchanga. Na weusi ni rangi. Nikajiona mshindi! Kumbe bado. Kauliza nani anasafisha beseni la mchanga anamojisaidia. Mimi, kila asubuhi. Uso ukambadilika. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni. Nisiguse tena, mwingine asafishe kila siku. Nikatolewa damu ya kupima.

Nimeogopa sana. Njia nzima mama hakusema "si nilikuambia". Hata mara moja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamka macho yamevimba, nikijua leo Masizi anaondoka. Nikamkuta mama uani, glavu mikononi, kitambaa puani — anachota mchanga wa paka! Huku anamgombeza: unakula wewe, ona mzigo huu! Kaniambia, mkunga hakusema kifukuzwe, kasema kisafishiwe. Nimelia palepale.

Alhamisi, 13 Machi
Majibu: salama! Alhamdulillahi. Mama kampa Masizi kichwa cha samaki. Kasema kilimponyoka.

Jumapili, 27 Aprili
Uchungu umeanza. Taksi iko nje. Tulikuwa tunatoka, mama na mkoba wangu — Masizi akakatiza mlangoni, polepole, kama mwenye nyumba. Mama kaganda. Paka mweusi akikukatiza, hutoki mpaka uketi kwanza. Basi tumeketi! Ndiyo maana naandika. Mume yuko nje anambembeleza dereva.

Nimemwambia, mama, mjukuu wako hajui kungoja. Kanishika mkono. Namshukuru Mungu kwa mkono huu. Anamtazama Masizi, Masizi anamtazama.

"Haya baba, tupishe," kamwambia. "Beseni lako nitalisafisha nikirudi."

Mama anainuka. Ananivuta—