Nguo Zilizoanuliwa Nyumba ya Jirani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha (jina kamili liko kwenye jalada)
Umri: Miaka arobaini na tisa
Kazi: Mapokezi, kliniki ya meno
Makazi: Nyumba ya pili kutoka mwisho wa barabara, geti la kijani
Shauri: Kuingia kwenye makazi ya mtu bila ruhusa, wizi wa nguo, na shambulio kwa kutumia taulo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwaambia watu kwamba haitauma. Nimeolewa. Nina watoto watatu: mapacha walio kidato cha mwisho na mdogo wao wa kike. Nimeishi mtaa huu tangu mapacha wakiwa tumboni. Afande ameniambia niseme nilichokiona tu, niache habari za zamani. Nimemwambia nitajaribu, ila nilichokiona hakieleweki bila hizo za zamani. Amevuta pumzi, akachukua karatasi nyingine.

Mnamo Jumamosi hii, majira ya saa tisa alasiri, nilikuwa chumbani kwangu ghorofani nikipanga kabati. Watoto walikuwemo ndani, lakini ilikuwa kama hawamo. Kila mmoja yuko na simu yake. Siku hizi nikitaka waje kula siwaiti, nazima intaneti, wanatoka wenyewe vyumbani kama siafu waliomwagiwa maji. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na nje wingu lilikuwa zito.

Dirisha langu linatazama ua wa nyuma wa jirani, kijana ambaye mtaani tunamwita Injinia. Yeye na mkewe walihamia mwaka jana, na wana mtoto mchanga. Ni watu wazuri. Wamejenga ukuta mrefu, wakaweka kamera na geti linalojifungua lenyewe. Umeme ukikatika, geti hilo hubaki lilivyokuwa, na siku hiyo lilibaki wazi. Wenyewe walikuwa wametoka. Kambani kulikuwa na nguo, nyingi za mtoto.

Nikaona mwanamke mzee anaingia. Alivaa gauni la maua na sweta, mkoba mkononi. Hakuchungulia wala hakunyata. Alitembea kama mtu aliyetoka dukani anarudi kwake. Alipofika penye bomba aliweka mkoba chini, akatazama juu, akasonya, akaanza kuanua nguo.

Nilimjua kwa ule msonyo, kabla hata sijaona uso. Ni Mama Mkubwa. Hatuna undugu wa damu. Watoto wote wa mtaa walimwita hivyo, na sisi wazazi wao tukafuata. Aliishi nyumba ile miaka mingi na mumewe, fundi saa, mpaka mumewe alipofariki. Nyumba ikauzwa, naye akachukuliwa na binti yake anayekaa upande wa pili wa mji. Baadaye nilisikia kwamba kumbukumbu zimeanza kumponyoka.

Naomba iandikwe kwamba pale penye ukuta zamani palikuwa na ua wa miti, na katikati ya ua palikuwa na pengo. Hakuna aliyelikata. Lilitokea kwa kupitwapitwa. Watoto walipita, masufuria yalipita, na mimi nilipita na pacha mmoja kwapa hili na mwingine kwapa lile, nikienda kumwomba Mama Mkubwa anishikie nikaoge. Mvua ikinyemelea, yeye ndiye aliyepaza sauti: "Mama Pacha, mvua!" Mtaa mzima tulitoka mbio. Kama hukuwepo, zako zilianuliwa. Ulirudi kutoka kazini ukazikuta kwake, zimekunjwa vizuri kuliko ambavyo ungezikunja mwenyewe. Siku moja alimkabidhi mume wangu chupi zake alizomwanulia, mkononi, zimekunjwa mara nne na kupangwa kwa rangi. Mume wangu alipita barabara ya nyuma wiki nzima.

Siku hizi nina mashine ya kukaushia. Ikimaliza inanipigia muziki. Nguo zinatoka kavu na za moto, na hakuna mtu hata mmoja anayejua nina shuka gani.

Afande amesema nirudi kwenye Jumamosi. Nimerudi.

Niliita dirishani, "Mama Mkubwa!" Aliinua uso, akasema, "Unashangaa nini huko juu? Anua zako!" Kusema kweli nilicheka kwa sauti. Tena nilishuka ngazi mbio. Nilipofika mlango wa nyuma ndipo nikakumbuka sina nguo nje. Wala kamba sina.

Basi nikatoka kumfuata. Zamani ningepenya nikawa nimefika. Sasa ilibidi nitoke getini kwangu, nizunguke mpaka barabarani, na mvua ikanikuta hapo. Nilipofika, gari la Injinia lilikuwa limeshaingia. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyuma, nguo zote ziko mapajani na kwenye kiti cha pembeni, anakunja. Injinia alisimama mbele yake na simu mkononi. Mkewe alikuwa nyuma, na mtoto kifuani.

Injinia alisema, "Wewe ni nani? Weka hizo nguo chini!"

Mama Mkubwa akasema, "Niziweke chini zichafuke? Na wewe ni nani, unaingia kwa watu na viatu vya matope?"

Injinia alinyoosha mkono kuchukua nguo, Mama Mkubwa akamchapa taulo. Ni taulo dogo la mtoto, la njano, lina picha ya bata. Nililiona vizuri. Injinia ameeleza kwamba alishambuliwa na sipingi. Ila na mimi nimewahi kuchapwa taulo na mama huyo huyo, nikidokoa nyama jikoni kwake, na mpaka leo niko mzima.

Simlaumu kijana. Mtu akirudi na mtoto mchanga akamkuta asiyemjua barazani, lazima ashtuke. Alikuwa ameshapiga simu, na askari wa doria walifika upesi kuliko nilivyotegemea.

Hapa, afande, naomba uandike taratibu.

Mama Mkubwa alipowaona askari, alianza kukunja nguo moja, akaikunjua, akaanza tena. Ilimshinda. Akanitazama mimi, akasema, "Mama Pacha, waambie hawa. Hii nyumba ya nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwepo siku vyombo vyake vilipotolewa. Niliona kabati la mumewe likikwama mlangoni, yeye akiwaambia wapagazi wasilisukume, kwa sababu huenda halitaki kutoka. Askari alinigeukia. Injinia naye alinigeukia.

Nikasema, "Ni yako, Mama Mkubwa."

Injinia akasema, "Umesikia, afande? Wamepanga hawa!"

Kama askari wa doria wameandika kwamba nilisema hivyo, wameandika kweli. Nyumba ni ya Injinia, aliinunua kihalali, na sikuwa na nia ya kumnyang'anya mtu chake. Lakini sikuona ningemwambiaje yule mama, mbele ya watu wenye sare, kwamba mumewe ameshakufa, nyumba imeshakwenda, na kwamba hapa alipofika kwa raha zake si kwake. Huyo mume angemfia upya hapo hapo barazani. Kama ni kosa niandikiwe mimi, asiandikiwe yeye.

Alipolisikia jibu langu alitulia. Akaikunja ile nguo mara moja, ikakubali. Akawaambia askari, "Basi sogeeni ndani ya baraza, mnalowa bure." Mmoja wao akavua kofia.

Ndipo mke wa Injinia akasogea. Tangu wahamie, mimi na yeye tumesalimiana kwa honi tu. Alishika kile kirundo cha nguo, akasema, "Zote kavu."

Mumewe akasema, "Sizungumzii ukavu wa nguo."

Akajibu, "Mimi ndio nazungumzia. Njia nzima nimelia garini kwa ajili ya nguo hizi. Mtoto hana nyingine safi."

Akakaa. Mama Mkubwa akampokea mtoto bila kuombwa, akamlaza begani, akamwambia mama yake, "Nenda kaoge, mwanangu. Uoge polepole. Mimi nipo." Yule mke wa Injinia aliangua kilio mbele yetu sote. Nikamshika mkono, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui hata anaitwa nani, na tunatenganishwa na ukuta mmoja.

Injinia alisema simu imeshapigwa, lazima mambo yafuate utaratibu, ndiyo maana tuko hapa kituoni wote. Mama Mkubwa amekuja ndani ya gari langu, kiti cha mbele, na amelalamikia uendeshaji wangu.

Wakati naandikiwa maelezo haya binti yake, aliyeitwa kwa simu, amefika kaunta, anahema. Mlango uko wazi, nawasikia. Amemuuliza, "Mama, umefikaje kule peke yako?"

Mama Mkubwa amemjibu, "Kwa miguu. Niliona wingu, na nyumbani nimeacha hakuna mtu."

Sina la kuongeza. Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na viatu vilivyolowa, na ndivyo nilivyoona.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji amerudi kaunta baada ya kuzungumza na mkewe na ameomba kuondoa malalamiko. Pia ameomba nimuulize binti wa mtuhumiwa iwapo mama yake anaweza kuletwa kwa mlalamikaji nyakati za mchana, mkewe akiwa nyumbani. Binti amekubali. Shahidi ameomba neno "mtuhumiwa" lisomeke "jirani". Nimesahihisha.

Sahihi: Askari wa zamu