Furu wa Shemeji

Mama, shikamoo nyingi kutoka Pasiansi kwa Dada.

Mimi mzima, ila huku nimechanganyikiwa. Mkweo anafuga samaki, nikadhani ni wa kuuza. Jana alinipeleka kwenye matangi yake, akanionyesha kwa kidole furu mmoja mdogo: "Mwangalie vizuri huyu." Nikajua ni kama kwetu, mgeni anavyoonyeshwa kuku kabla hajachinjwa. Nikashukuru sana, nikasema huyo ananitosha, akaangwe tu.

Shemeji alishtuka! Kumbe furu wa aina ile ziwani hawaonekani tena, sangara wamewamaliza, ndiyo maana wanazalishwa matangini wasipotee kabisa. Mchana Dada akatupikia sangara. Nikauliza, sasa hawa furu watarudi lini ziwani, na sangara bado wamo?

"Hata mimi sijui, shemeji. Tunawatunza kwanza."

Mama, unamfugaje samaki usiyemla, usiyemuuza, wala hujui utampeleka wapi?

Tena yule niliyetaka akaangwe ana watoto. Anawalea humo humo mdomoni, na mpaka watoke wajitegemee hali kitu. Nilimtupia chakula mwenyewe. Alikisogelea, akakitazama, akageuka.

Hilo ndilo limenichanganya zaidi. Siku zile ulipokuwa ukitupakulia sisi chungu kizima, ukasema wewe umeshakula jikoni, ulikuwa umekula kweli?

Nakuletea sangara mkavu. Huyo utamla mbele yangu.

Mwanao,
Sabina