Doa Jekundu la Wiki ya Nane

Jumapili, 3 Machi
Mkunga ametoa mada ya wiki ya nane: Njiani. Kanuni hazijabadilika. Nilizitunga mwenyewe siku kundi letu la picha la simuni lilipoanza: picha moja kwa kila mtu, iwe ya wiki hii, iwe umeipiga wewe, na mwisho ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mkaguzi ni mimi. Miaka thelathini na mmoja nilisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, nikisaka makosa kabla kurasa hazijachapwa. Wakaona nitafaa. Nafaa.

Ijumaa, 8 Machi
Picha zimeanza kuingia. Karibu zote zina ukungu! Watu kumi na watatu, na hakuna anayejua kufuta lenzi. Fundi Cherehani ameleta daraja — nadhani ni daraja. Nimemwambia arudie.

Kisha Shemeji, mume wa marehemu mdogo wangu. Ni dereva wa lori la masafa marefu. Picha zake hutoka mbali na huwa nazingojea, ingawa sijapata kumwambia. Hii ameipiga akiwa ameegesha, kutoka kitini pake. Barabara. Milima, pengine. Na pembeni doa kubwa jekundu, limekaa kama mtu aliyemwaga wino. Nilimwandikia mbele ya wote: lenzi yako ni chafu, futa doa hilo ulete nyingine, kusafiri sana si kisingizio cha uvivu.

Fundi ndiye aliyejibu: "Leo Bi Prufu kaamka na rula mkononi!"

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji amejitoa kwenye kundi. Saa tatu asubuhi, bila kuaga.

Mkunga alinipigia simu. Alisema nimemvunjia mwenzangu heshima, tena mwezi huu. Nikamwambia mwezi hauna uhusiano na usafi wa lenzi. Akasema: "Haya, dada." Akakata.

Mwezi huu mdogo wangu anatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Najua. Kwani nimesahau?

Jumatatu, 11 Machi
Nimebadilisha balbu ya taa ya mezani. Ya tatu tangu mwaka uanze. Balbu za siku hizi hazina nguvu.

Naandika mara moja tu, nisirudie tena: Mama alipofika umri wangu alianza kuhesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Kumi na moja. Baadaye alikuwa anapapasa fremu ya mlango kwanza, ndipo apite. Hakupona.

Jana usiku nilijikuta nikihesabu. Tisa.

Jumatano, 13 Machi
Mada ya wiki ya tisa ni Ukungu. Mada rahisi hatimaye. Alfajiri nilisimama kwenye ngazi za nyuma na bonde lote lilikuwa limemezwa. Hata tangi la maji la jirani lilikuwa kivuli tu. Nilipiga picha kumi na moja, nikachagua moja, nikaituma. Sijisifu, ila hiyo ndiyo inayoitwa picha.

Alhamisi, 14 Machi
Asubuhi nzima kundi lilikuwa kimya. Nikadhani wamestaajabu.

Kisha Fundi: "Bi Prufu, ukungu wenyewe uko wapi? Mie hapa naona mpaka kamba ya mbuzi!" Wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine. Mwingine akauliza kama nimekosea picha. Nikawajibu: tazameni vizuri.

Mkunga hakucheka. Kabla ya saa sita alikuwa mlangoni kwangu, kaja kwa miguu, anahema. Akanitoa hadi ngazi za nyuma. Jua lilikuwa kali.

"Lile tangi limeandikwa nini?"

"Halijaandikwa kitu."

"Dada. Limeandikwa MAJI SAFI. Herufi kubwa kuliko mimi."

Nilitazama. Kivuli. Nikatazama tena.

Akaniuliza tangu lini. Nikamjibu: tangu balbu ya kwanza. Tukacheka wote wawili, tukacheka mno, kisha mimi nikawa sicheki tena. Akanishika mkono. Kesho tunakwenda hospitali, na sina ruhusa ya kubisha — mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa huu habishiwi.

Ijumaa, 15 Machi
Daktari wa macho ni binti mdogo mwenye sauti ya chini. Kiti chake kinapanda na kushuka. Aliniambia niweke kidevu hapa, nitazame taa ile, nisipepese. Nilitii.

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili, la kulia zaidi.

Nikamweleza habari za Mama. Akasema huenda ulikuwa ugonjwa huu huu, ila hakuna aliyemfanyia upasuaji. "Tatizo hili tunaliondoa, mama. Upasuaji hauzidi nusu saa." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie tena, naye akatabasamu, akarudia kwa utulivu kama anayeandikisha imla.

Nje nilikaa kwenye ngazi. Mkunga akadhani nina kizunguzungu. Sikuwa nacho. Nilikuwa napumua. Sijui ni miezi mingapi sijapumua hivyo!

Jioni, peke yangu, nikaanza kufikiri. Ikiwa ukungu ulikuwa wangu — basi wiki nane, watu kumi na watatu... Nani alikuwa na lenzi chafu? Ee Mola wangu.

Jumamosi, 16 Machi
Mkunga anataka nimpigie Shemeji leo leo. Nimekataa, na si kwa kiburi. Kiwandani tulikuwa na utaratibu: hufuti sahihisho lako kabla hujausoma ukurasa upya. Nikimwomba radhi sasa nitakuwa naomba radhi kwa picha nisiyoiona. Nitaiona kwanza.

Mkunga kasema mimi ni mgumu kama kisigino. Sawa.

Jumanne, 19 Machi
Kesho ni upasuaji, jicho la kulia kwanza. Binti yangu amefika, anapika, ananikataza kuinama hata kuokota kijiko. Fundi amependekeza mada ya wiki ijayo iwe Bandeji. Mpuuzi. Nilicheka.

Jumatano, 20 Machi
Imekwisha. Sikuumia. Naandika kwa jicho la kushoto, mistari inapanda mlima. Binti yangu ananipokonya kal

Alhamisi, 21 Machi
Bandeji imetoka saa mbili asubuhi. Kitu cha kwanza: ukuta. Ni mweupe! Nilikuwa naapa kwamba ni wa rangi ya maziwa. Cha pili: mkono wangu. Hii mikunjo kaniwekea nani? Nyumbani nikaziona sufuria zangu. Aibu. Watu wamekula humu. Tangi la jirani: MAJI SAFI. Nimelisoma kwa sauti mara nne. Binti yangu alitoka jikoni kuuliza nazungumza na nani.

Nimefungua picha za wiki ya nane. Daraja la Fundi ni daraja, na zuri.

Kisha ya Shemeji. Imetulia kama maji ya glasi. Barabara inateremka, safu tatu za milima, nguzo za simu unaweza kuzihesabu. Na doa.

Si doa. Ni kitambaa cha kichwa, kimefungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni cha lori. Chekundu, chenye vitone vyeupe. Upindo nilishona mimi. Pembe moja imeungua kwa pasi — niliiunguza mimi, na mdogo wangu hakusema nami siku mbili. Katika picha pembe hiyo imegeukia kwetu.

Mada ilikuwa Njiani. Alimleta. Nami nikamwambia amfute.

Kisha nimeandika kundini, mahali pale pale nilipomkaripia: nilikosea, macho yangu ndiyo yaliyokuwa na ukungu, picha ya Shemeji haina dosari, nanyi wengine nawaomba radhi, kuanzia wiki ya kwanza. Fundi: "Bi Prufu kajipa sifuri mwenyewe! Karibu kwetu, dada."

Kwa Shemeji nimeandika ujumbe pembeni, wa kwake peke yake: "Shemeji, nimekiona kitambaa. Nimeiona hata pembe iliyoungua. Nisamehe." Sikuusoma mara ya pili kutafuta makosa. Nimeutuma.

Saa saba na nusu. Tiki mbili.

Saa nane. Hajajibu. Pengine yuko barabarani. Bora asiguse simu akiendesha.

Saa nane na robo. Imeingia picha kutoka kwake. Hakuna neno hata moja. Bado ina ukungu — simu inaipakua, mtandao wa huko aliko ni dhaifu. Kiduara kinazunguka. Kijani chini, buluu juu, na pembeni kitu chekundu.

Sisemi kitu. Nasubiri ifunguke.