Herufi Moja kwenye Jiwe la Kaka

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakuombea lipoe, maana kwenye mazishi ya kaka kila mtu aliuliza uko wapi, nami nikachoka kusimulia habari za goti. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia.

Watu walifurika. Miaka ishirini na miwili ya umeya si mchezo: alivunja vichochoro, akapanua njia, mpaka jiji likambandika jina la Bwana Barabara. Akiitwa hivyo aliitikia kwamba ndiyo, barabara kabisa, na umati ukavunjika mbavu. Mzaha huo niliuanza mimi nyumbani, wala hakucheka mtu.

Kibao cha kila mtaa aliofungua nilikiandika mimi. Unaikumbuka picha ya gazeti aliyoitundika mama sebuleni, kaka akikata utepe? Nyuma yake palikuwa na ngazi, na juu ya ngazi nilikuwa mimi na kopo langu la rangi. Fremu ilikuwa ndogo, mama akachukua mkasi. Kilichobaki changu ni kiwiko. Nimekula chini ya kiwiko kile miaka mingi, dada, na kila tonge lilinikaba kwa wivu.

Basi, karani mkuu wa jiji akaja kibandani kwangu, akaniomba nichonge jiwe la kumbukumbu. Maneno yalikuwa matatu tu: ALIUPENDA MJI HUU. Jumamosi kitambaa kilipovutwa mbele ya umati, jiwe likasomeka ALIUPONDA MJI HUU. Kisha fundi viatu mmoja, ambaye kaka alimvunjia kibanda, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mjane wa kaka akanishika mkono, akawasihi watu wasinilaumu, macho ya uzee hayo. Karani naye akasema tindo huteleza. Wote wakanionea huruma.

Dada, haikuteleza. Macho yangu hayana kasoro. Ile O niliichonga taratibu, asubuhi kweupe, nikipuliza vumbi, na nilifurahi. Nakuambia wewe kwa sababu shemeji siwezi kumwambia.

Lakini juzi karani aliniletea karatasi aliyoikuta kwenye meza ya kaka, mwandiko wake mwenyewe. Ameagiza kwamba kwenye jiwe lake waweke maneno yoyote wapendayo, ila achonge mdogo wake, kwa kuwa tangu utotoni hajawahi kumwona akikosea herufi hata moja. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Katika jiji zima, mtu pekee ambaye angejua kwamba sikukosea ni yeye. Na hata sifa hiyo yangu, kama kawaida yake, ameisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi.

O haigeuki kuwa E, kwa hiyo nachonga jiwe jipya. Lile la kwanza nitalisimamisha kibandani, mbele ya mahali ninapokula.

Wasalimie wapwa zangu, ila barua hii usiwasomee. Goti likikuruhusu, njoo ulisome jiwe kabla sijalipeleka. Safari hii nataka anisahihishe mtu.

Mdogo wako, kitinda mimba,
mwandishi wa vibao