Mama Mkwe Amegeuza Galaksi Zangu Kuwa Unabii

Mama Annie mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, mimi ni Julienne, namaliza chuo kikuu hapa Lubumbashi, na mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, ni juu ya galaksi mbili zinazogongana, yaani makundi mawili ya nyota mabilioni na gesi yake, nachukua picha za darubini za ng'ambo, natenganisha nuru ya nyota na nuru ya gesi, nione kila moja inaelekea wapi, basi, ni kompyuta na macho kuuma, lakini mchumba wangu Hénoc alimwambia mama yake kule Katuba kwamba “Julienne anasoma nyota,” na mama Christiane, ambaye mwanzoni aliniombea nitolewe pepo, Jumapili moja akanikalisha mbele ya wamama wa kanisa, “Tuelezee ile unaonaka,” nami nikaeleza kwa moyo wote, kwamba galaksi zikigongana nyota zinapitana tu bila kugusana, ila gesi inagonga gesi, inapata moto, na nyota mpya zinazaliwa, wamama wakatazamana, mama Christiane akasema, “Njo ile, galaksi zako mbili. Ni nyumba ya Stanislas na nyumba yetu. Delphine atoke kule kabla ya kuungua,” Delphine ni dada ya Hénoc, Stanislas ni bwana yake, na kesho yake Delphine alirudi kwa mama na watoto na godoro, sasa Stanislas ananipigia simu analia niseme ni uongo, mama mkwe anasema nikikanusha hakuna ndoa, na Hénoc anasema, “Nyamaza kwanza, ndoa ipite,” nifanye nini?

Julienne

Julienne, pole, na hongera. Wenzako wanatetea mémoire zao na hakuna anayezisoma. Yako imehamisha godoro kabla directeur anayekusimamia hajaifungua.

Sasa niambie. Unatenganisha nuru za mbali kiasi hicho, na hukujua kwamba kwa mama Christiane kusoma nyota ni kupiga ramli? Ulijua. Ulinyamaza kwa sababu kwa mara ya kwanza alikutazama bila kukemea pepo. Nakuelewa, ningenyamaza pia, lakini siku moja tu. Wewe unataka kuendelea mpaka harusi.

Na huyo Stanislas hataki ukweli, anataka unabii wa upande wake. Mtu habebi watoto na godoro kwa ajili ya gesi. Nenda kwa Delphine, muwe wawili tu, umwambie, “Yaya, dada yangu, sikuona kitu juu ya nyumba yako. Ulitoka sababu gani?” Kisha funga kinywa. Kama alimtii mama tu, arudi kwake bila aibu. Kama alikuwa anapigwa, abaki alipo, na simu za Stanislas usizipokee.

Jumapili, wamama walewale wasikie kutoka kwako kwamba hukutabiri chochote. Hénoc asimame karibu yako, amweleze mama yake kwa kinywa chake kazi unayofanya. Akitafuta sababu ya kutokuja, simamisha ndoa siku hiyohiyo. Mwanaume anayekuomba unyamaze sasa, ukiwa bado kwa wazazi wako, atakuomba nini ukiwa jikoni kwa mama yake?

Mama Annie