Forodhani ya Shemeji na Meza Yangu ya Wete

Jumanne

Ndiyo, Forodhani kuzuri, nishakubali. Lakini ndo kila siku? Shemeji Hamadi anauza pweza hapo Forodhani, kule Unguja, kutwa anamtumia dada yake picha za taa na wazungu. Sasa Maryam, mke wangu, anataka tuhamie.

Wivu ukanipanda. Leo nimeshusha meza yangu ya pweza hapa Wete hadi mchangani, na sie tule tukitazama bahari. Mpemba mzima nikasahau kama leo bamvua, maji yanajaa kupita siku zote! Maji yakapanda, wateja wakala wamepandisha miguu juu ya benchi.

Maryam kacheka. "Forodhani wana ukuta, mume wangu."

Nimecheka nae, lakini naogopa ataondoka kweli. Mie bila Maryam…

Wewe unaesoma daftari langu, tupatane. Njoo ule pweza wangu. Ukimwambia Maryam kama pweza wa Unguja mtamu zaidi, nahama, na benchi nabeba mwenyewe.