Jiwe la Kilo Mbili Ulilonifunga Tumboni

Mama yangu, mama wa Biliqo,

Salaam aleikum huko uliko. Najua hukuwahi kusoma barua hata moja maishani mwako. Zikifika ulikuwa unazigeuza juu chini, halafu unauliza, "Huyu naye anataka nini?" Huyu ni mimi, Mama, na ninataka tumalize maneno tuliyoyaacha mbele ya mizani ya Mzee Noor wa dukani. Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kiborana chetu, kwa sababu nikimaliza nitaisoma kwa sauti pale kwenye benchi la kliniki, wanawake wa kila kabila wasikie. Utasema nimeanika mambo ya nyumba barabarani. Wacha nianike.

Kisa ni Kabale, mke wa Dida, kitinda mimba wako. Juzi Dida amemleta kwangu hapa Burat akae mpaka ajifungue. Mimba ina miezi sita na mifupa ya shingo yake unaweza kuihesabu ukiwa mlangoni. Nikamwekea kikombe cha maziwa. Akakishika, akakinusa, akakirudisha mezani kwa adabu. "Dada, nikinywa mtoto atakuwa mkubwa, atanishinda kumtoa." Mama, nilikaa chini. Yalikuwa maneno yako, moja baada ya lingine. Nilihisi umeingia na kitambaa chako cha shash kichwani na umesimama nyuma yake.

Sikulaumu kwa kuyaamini. Kule kwetu kila mwanamke aliyaamini. Mimba ikiingia mwezi wa saba, mdomo unafungwa. Maziwa hapana, nyama kidogo tu ya kuonja, strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni, na kazi haipungui. Mtoto akae mdogo, apite upesi, mama apone. Hospitali ilikuwa mbali, lori lilipita siku lilipotaka, na wewe ulikuwa umeshika kichwa cha dada yako Sabdio siku mbili nzima mpaka akakata roho na mtoto mkubwa tumboni. Nani angekubishia? Uliposema "usile", ulikuwa unasema "usife". Nilikuja kulielewa hilo nikiwa nimechelewa sana.

Kwa hiyo mimba yangu ya kwanza nilikutii. Njaa ilikuwa inaniamsha, nalamba chumvi, nanyamaza. Na mtoto kweli akatoka haraka, kama ulivyotaka. Wanawake wakapiga vigelegele, wakakusifu kwamba umenilinda vizuri. Alikuwa mvulana. Kilio chake kilikuwa kidogo kama cha paka. Nikimpa ziwa anavuta mara mbili, analala. Anavuta mara moja, analala. Siku ya tano hakuvuta tena. Ukasema ni mpango wa Mungu, nami nikasema Alhamdulillahi, maana ndivyo mtu anavyosema.

Mimba ya pili ilinikuta hapa Burat. Guyo, mume wangu, alikuwa ameanza biashara ya mbuzi, ananunua Oldonyiro na kuuza hapa mjini, na yeye ndiye aliyenisukuma niende kliniki. Pale ndipo nilipokutana na Sista Karimi. Unamkumbuka, yule Mmeru mfupi, sauti yake inasikika mpaka getini. Akanipandisha kwenye mizani mwezi wa kwanza, akaandika. Mwezi wa pili akanipandisha tena, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Mama, umepungua kilo moja. Huyu mtoto anakula nini, hewa?"

Nikamweleza desturi yetu. Nikamweleza na mvulana wa siku tano. Nilifikiri atanifokea. Akaweka kalamu chini, akasema polepole, "Yule mtoto alikuwa na njaa, mama."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia kwa hasira, si kwa huzuni. Nikaapa barabarani, peke yangu, watu wakinitazama: huyu hafi. Wiki mbili zilizofuata nilikula maharagwe, sukuma, mayai, maziwa asubuhi na jioni. Mtoto akaanza kucheza tumboni.

Halafu wewe ukashuka kutoka kwa lori na mkebe wa nyirinyiri.

Ee Mama! Ulikuja kunisaidia kujifungua, na siku ya kwanza tu ukachukua jiko. Nyirinyiri, ile nyama yetu tamu iliyokaangwa ikakauka na kuhifadhiwa kwa mafuta, ukampakulia Guyo. Mimi ukanipa strungi. Maziwa ukawapa watoto wa jirani. Na mimi niliyeapa barabarani kama mwanaume, mbele yako niligeuka kondoo. Nilikunywa strungi yangu. Ulipolala mchana nilikuwa naiba kijiko cha maharagwe, nasimama nyuma ya mlango natafuna kwa haraka. Mwanamke mzima, nyumbani kwangu mwenyewe!

Siku ya kliniki ilipokaribia nikaingiwa na hofu, nikakuambia ukweli nusu. Nikasema, "Nikipatikana nimepungua tena, Sista atanilaza wodi." Neno wodi lilikuchoma. Ulijua watu wanaolazwa wanapasuliwa. Ukajifunga shash, ukatoka, ukarudi kutoka dukani kwa Mzee Noor umeshika kitu chini ya nguo. Lilikuwa jiwe lake la mizani, lile la chuma, la kilo mbili.

"Inua gauni," ukasema.

Ukalifunga kwa shash yako nyingine chini ya tumbo langu, ukavuta fundo kwa meno. Ukarudi nyuma ukanitazama kama mtu anayekagua mzigo wa ngamia. "Sasa hicho chuma cha Sista kitafurahi."

Na mimi nikakubali. Hapo ndipo sina wa kumlaumu. Wewe hukujua mizani ni ya nini, ulidhani ni ushuru, kitu cha serikali ambacho ukishakipa chake kinakuacha. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Nilijua, na nikainua gauni.

Basi tukaenda, wewe ukakaa kwenye benchi nje, mimi nikapanda. Sindano ikaruka. Nilitegemea Sista atafurahi, kumbe akakunja uso. Akanishusha haraka, akabonyeza miguu yangu kwa kidole gumba, akaangalia mikono, akaangalia uso. Kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Unaona nyota? Nikasema hapana, hapana, hapana, jasho likinitoka. "Mama, uzito ukiruka hivi kwa ghafla si kunenepa, ni ugonjwa. Mwanamke anaweza kuanguka kifafa na mimba yake. Panda kitandani nikuangalie, halafu tunakutafutia gari uende kwa daktari mkubwa."

Akaweka mkono kutafuta kichwa cha mtoto. Akakipata. Akagonga, ko ko ko.

"Huyu ana kichwa kigumu sana," akasema.

Fundo lako likafunguka lenyewe. Jiwe likateleza, likapiga sakafu, likabingirika mpaka mlangoni, na wewe kwenye benchi ukaliona linatoka kukusalimia.

Naweza kucheka sasa. Siku ile sikucheka. Sista akaninyooshea kidole. "Unanidanganya mimi, au unamdanganya aliye ndani?" Akakuita uingie. Wewe huna Kiswahili cha kutosha, yeye hana Kiborana, kwa hiyo nikasimama katikati yenu, tumbo mbele, nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe.

Akaniambia, "Mwambie mama, usipoongezeka kidogo kila mwezi, mtoto atazaliwa bila nguvu."

Nikakugeukia. Sikutafsiri, Mama. Leo nakiri. Nilisema yangu.

Nilisema, "Mama, mbuzi wako mwenye mimba, kiangazi kikija, unamficha majani?"

Ukasema, "Mbuzi si mtu."

"Mbuzi wa kiangazi anazaa nini?"

Ulijua. Wewe ndiye uliyekuwa unaviinua vile vitoto visivyoweza kusimama, unavishikilia kwenye chuchu ya mama yao, na asubuhi tunavikuta vimekauka. Nikakuambia, "Mtoto wangu alivuta mara mbili akalala. Huyu sitamfunga mdomo. Ukitaka kurudi Biliqo, rudi. Nitakuheshimu mpaka nife, lakini chakula changu nitapika mimi." Sijui nguvu ile ilitoka wapi.

Wewe ulikuwa bingwa wa kutoshindwa. Ukasema, "Na mbuzi aliyenona kupita kiasi naye anazaa vibaya. Mwulize huyo Sista wako kama anajua hilo."

Nikamtafsiria nikijua sasa vita vinaanza. Sista akapiga meza. "Mama anasema kweli! Mwambie amesema kweli kabisa!" Akaeleza kwamba na wale wanaokula kwa watu wawili anapigana nao kila siku, soda na mafuta mpaka mtoto ananenepa kupita kiasi na presha inapanda. Si kula mara mbili. Ni kuongeza kidogo tu, cha maana, kila siku, na kupanda kwenye mizani bila jiwe. Ukamweleza habari za Sabdio, kichwa umeinamisha, mimi nikitafsiri kwa shida. Akakushika mkono. "Mwambie dada yake alikufa kwa kukosa msaada karibu. Mtoto mkubwa tuna namna ya kumsaidia hapa. Aliyekaa njaa miezi yote, namrudishia vipi?"

Hukuniomba msamaha. Haikuwa tabia yako. Ulibeba jiwe la Mzee Noor kwa mikono miwili mpaka nyumbani, ukafungua mkebe wa nyirinyiri, ukanipakulia. "Kula. Lakini usinenepe kama mke wa chifu."

Tangu siku hiyo ulinilisha wewe, na kwa vipimo vyako. Kikombe cha maziwa asubuhi ulikisimamia mpaka kiishe. Jirani yetu Mama Kendi alipoleta chapati sita na soda, akisema nile ya wawili, ulimkinga mlangoni na Kiswahili chako cha kuokoteza: "Hapana wawili. Moja na nusu!" Na kila siku ya kliniki ulikuwa unaingia na mimi, unainama mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha mizani, unatazama sindano.

"Imepanda," unasema.

"Imepanda kidogo tu, Mama."

"Kidogo ndiyo tunataka."

Uchungu ulinianza alfajiri. Mpaka alasiri ulikuwa umesimama kwenye ukuta wa hospitali, midomo inasoma dua, uso umepauka, na mimi nilijua hukuwa unaniona mimi, ulikuwa unamwona Sabdio. Gumato akatoka akipiga kelele. Akashika ziwa akavuta, akavuta, akavuta. Ulikuwa unahesabu, nilikusikia. Ulipofika ishirini ukaacha ukalia.

Lakini mizani ya hospitali hukuiamini. Siku ya saba ukamleta Mzee Noor na mizani yake mpaka nyumbani, pamoja na mawe yote. Ukatandika shash kwenye sahani ya shaba, ukamlaza Gumato. Upande wa pili ukaweka lile jiwe la kilo mbili, lile lile. Sahani ya mtoto haikunyanyuka. Ukaweka la kilo moja. Haikunyanyuka. Ukaweka la robo, ndipo sindano ikasimama katikati. Guyo akapiga makofi, Mzee Noor akasema Mashallah, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Biliqo.

Wewe hukucheka. Uliondoa jiwe la kilo mbili, ukalishika kifuani, ukaniuliza kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "Yule wa kwanza alikuwa kilo ngapi?"

Nikasema, "Mtoto analia." Nikamchukua Gumato, nikaingia ndani. Hakuwa analia.

Hukuuliza tena. Miaka mitatu baadaye ukatuacha, na nimekaa na swali lako mpaka leo. Nilikuwa na hasira, Mama, na nilitaka likuume. Likakuuma, naamini, na mimi sikupona kwa hilo.

Nakujibu leo. Sijui. Hakuna aliyempima. Tulimfunga sanda, wewe na mimi, na hakuna kati yetu aliyewahi kujua uzito wake.

Kwa hiyo sikiliza. Mzee Noor alipofunga duka alinipa lile jiwe, na sasa linashikilia mlango wangu usipigwe na upepo. Jana nimelichukua nikaliweka mikononi mwa Kabale, nikamweleza yote haya, na jina la Sabdio, na siku tano. Alilishika kwa muda mrefu. Halafu akauliza maziwa yako wapi. Kesho asubuhi nampeleka kwa Sista Karimi, atavua viatu, atavua bangili zote, atapanda kwenye mizani, na nitasimama pale uliposimama, pua kwenye kioo. Mwezi ujao tena. Na ujao tena. Mama zake Kabale kutoka Biliqo wakinijia na maneno, nitawajibu mimi.

Lala salama, Mama. Mjukuu wako ajaye atakuwa na kilo zake, na zitajulikana.

Ni mimi binti yako,
mama yake Gumato, na yake yule mvulana.